Nani Alimjibu Karani? Kuitafuta Nasaba katika Madaftari ya Sensa

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie madaftari ya sensa na msaada wake kwa mtu anayetafuta nasaba yake. Ningependa tangu mwanzo tushike jambo moja: kila mstari wa sensa ni jibu ambalo mtu fulani alimpa karani, naye karani akaliandika kama alivyolisikia au kama alivyoagizwa. Asiyelizingatia hilo hupotea mapema.

Itazameni sensa ya Uingereza ya mwaka 1841. Makarani waliagizwa kwamba umri wa kila aliyezidi miaka 15 ushushwe hadi namba inayogawanyika kwa tano, hivyo mwenye miaka 39 akaandikwa 35, na uhusiano wa watu waliolala nyumba moja haukuulizwa kabisa. Mwanamume wa miaka 35 na mwanamke wa miaka 30 wanaoonekana pamoja huenda ni mume na mke, huenda ni kaka na dada, na mtafiti anayewaozesha kwa kukisia hulirithisha kosa lake kwa matawi yote ya ukoo atakayoyachora. Sensa ya 1851 ndiyo iliyoanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, pamoja na hali yake ya ndoa na parokia alikozaliwa. Ndiyo maana nawasihi waanzao kazi hii waanzie kwenye sensa ya karibuni zaidi iliyo wazi, kisha warudi nyuma hatua kwa hatua.

Madaftari hayafunguliwi upesi. Marekani huyafunga kwa miaka 72, hivyo ya mwaka 1950 yalifunguliwa Aprili 2022. Uingereza husubiri miaka 100. Mengine hayatafunguliwa kamwe. Ya Uingereza na Wales ya 1931 yaliteketea mwaka 1942, na sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Huko Marekani, karibu sensa yote ya 1890 iliharibika kutokana na moto wa mwaka 1921, na kwa hiyo binti aliyezaliwa 1881 akaolewa 1899 hataonekana hata mara moja nyumbani kwa wazazi wake.

Sensa ya Marekani ya 1900 iliwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ukisoma tisa, kisha tano, umeambiwa habari za watoto wanne ambao pengine hawakuandikwa popote pengine, na kwangu mimi tarakimu hizo mbili zina uzito kuliko kurasa nyingi za majina. Sensa ya 1940 nayo ilimwekea mtoa maelezo alama ya x ndani ya duara, nasi tukajua aliyesema ni mke mwenyewe au ni mtu mwingine wa kaya. Natamani sensa zote zingefanya hivyo.

Lakini kuna watu ambao hawakuulizwa lolote. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860, watumwa waliandikwa katika madaftari ya peke yake, chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Aliyejibu kwa niaba yao ni yule aliyedai kuwamiliki. Wengi wao walitajwa kwa majina kwa mara ya kwanza mwaka 1870, na wazao wao leo wakirudi nyuma hukwama papo hapo.

Wanaokwama hapo nawashauri wasisome kaya yao pekee. Wasome kurasa kadhaa kabla na baada yake, kwa maana wengi waliokombolewa waliendelea kuishi karibu na mashamba walikotumikishwa. Jirani mwenye mali mwaka 1870 atafutwe katika daftari la watumwa la 1860, na umri ulinganishwe: mwanamke wa miaka 22 mwenye jina, na msichana wa miaka 12 asiye na jina. Ulinganifu huo haujawa ushahidi. Mpaka wosia au hati ya mauzo itakapomtaja kwa jina lake, muandikeni kwa penseli.