Mnara wa Hook na jirani zake: kupiga picha Wexford

Ndugu wapiga picha, habari za jioni. Mliniomba nizungumzie pwani ya Ireland, nami nimechagua kaunti moja tu, Wexford, ile ya pembe ya kusini-mashariki. Wengi hukimbilia majabali ya Moher kule magharibi. Ni mazuri, sibishi, lakini picha zake zimeshakuwa pacha.

Wexford kuna rasi nyembamba iitwayo Hook, na nchani mwake mnara wa taa wenye umri wa miaka 800 hivi, ambao hadi leo unaongoza meli. Aliyeujenga ni William Marshal, mkuu wa Kinormani. Mwaka 1189 alimwoa Isabel de Clare, na kwa ndoa hiyo akapata ardhi kubwa ya Leinster, jimbo la mashariki mwa Ireland. Wakaanzisha bandari ya New Ross, mbali ndani ya mto. Sasa bandari ya ndani ina faida gani kama meli zinavunjikia mlangoni? Mnara ulijengwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukiupiga peke yake, umechukua nusu ya habari; tafuta pembe inayoonyesha pia maji yanayoingia kuelekea mtoni.

Jambo la pili ni unene. Kuta zake zina hadi mita 4. Ukiusogelea na lenzi pana, unaonekana kama umeinamia nyuma, umekonda. Rudi mbali, tumia lenzi ndefu, ukae kama ulivyo: jitu fupi, nene, jeupe, lenye mishipi miwili myeusi ambayo mabaharia huitambua mchana.

Na jua lenyewe? Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua lisilohamahama. Kule Desemba linatua kusini-magharibi, baharini kabisa. Juni linatua kaskazini-magharibi, upande wa nchi kavu ya Waterford. Mahali pazuri pa kusimama kiangazi huenda pasifae kitu wakati wa baridi. Faida yake ni kwamba jua huteremka kwa mshazari, taratibu, na mwanga wa dhahabu hukaa muda ambao kwetu hatuupati.

Maji yakipwa, mwamba wa chokaa hujitokeza ukiwa umejaa visukuku vya viumbe wa bahari za kale. Huo ni mandhari-mbele wa bure, yaani kitu cha kujaza sehemu ya mbele ya picha. Lakini tafadhali, usiipe bahari mgongo ukiwa umeinamia stendi. Mawimbi ya pale hupanda mwambani bila kubisha hodi.

Ukirudi nyuma kwa gari utakutana na Loftus Hall, jumba kubwa peke yake kwenye uwanda usio na miti. Piga ukiwa barabarani, siku ya mawingu. Wanasimulia kwamba katika nyumba ya zamani iliyokuwa hapo aliingia mgeni usiku wa dhoruba, wakacheza karata. Binti wa nyumba akainama kuokota karata iliyoanguka, akaona mguu wa mgeni ni kwato. Watu wa Mombasa mnacheka, naona. Kwenu hadithi za kwato zipo pia, ila mwenye kwato huwa mwanamke mrembo.

Kisha abasia ya Tintern, yaani makao ya watawa. Marshal huyohuyo alikaribia kuzama akivuka kuja Ireland, akaweka nadhiri, na akishuka salama akaijenga, karibu mwaka 1200. Watawa walipoondolewa, familia ya Colclough iligeuza kanisa kuwa makazi, ikaishi humo hadi 1959. Msiyakwepe madirisha ya nyumba yaliyotobolewa kwenye kuta za ibada. Hayo ndiyo yanayoitofautisha na magofu mengine ya Ireland.

Malizieni New Ross kwenyewe. Gatini kuna meli ya milingoti, Dunbrody, na kila mtu huipiga. Haya, pigeni, ila maelezo ya picha yawe ya kweli: ni nakala ya meli ya miaka ya 1840 iliyobeba wahamiaji waliokimbia njaa ya viazi. Msiihusishe na Marshal; yeye alikufa 1219.