Kupima Iwapo Hifadhi ya Kivinjari Inapatikana

Karibuni, ndugu watazamaji. Kutoka hapa Dar es Salaam, leo tutaandika pamoja msimbo mfupi wa JavaScript unaopima iwapo hifadhi ya kivinjari, yaani localStorage, sehemu ambamo ukurasa huweka data kwenye kifaa, inatumika kwenye simu ya mtu aliyefungua ukurasa wetu.

Nililitilia maanani jambo hili baada ya kutengeneza fomu ya oda ya duka moja la vitenge, Kariakoo. Fomu ilihifadhi rasimu ili mteja aliye ndani ya daladala, mtandao ukikatika, asilazimike kujaza upya. Kwa mteja mmoja aliyekuwa amezuia vidakuzi vyote (cookies), na hivyo kuizuia hifadhi hii pia, kitufe cha "Tuma" hakikuitika kabisa, kwa kuwa mstari wa kuhifadhi ulikuwa umekwisha kukwamisha msimbo wote ulioufuata. Mama yule alikuwa tayari kununua, na sisi ndio tuliomfungia mlango.

Wengi huandika if (window.localStorage) na kuridhika. Haitoshi. Kwenye Chrome iliyozuiwa kuhifadhi data za tovuti, kuitaja tu hifadhi hiyo huzua kosa la SecurityError, na kwenye Safari kabla ya toleo la 11, katika hali ya faragha, hifadhi ilionekana ipo ilhali nafasi yake ilikuwa sifuri. Kipimo cha kuaminika ni kuandika kitu kidogo, kisha kukifuta. Fungueni faili lenu, muandike hivi:

function hifadhiIpo(aina) {
  try {
    const h = window[aina];
    h.setItem("__jaribio__", "1");
    h.removeItem("__jaribio__");
    return true;
  } catch (kosa) {
    return false;
  }
}

Tazameni kwa makini mstari wa const. Tunapokea jina la hifadhi kama maandishi, "localStorage" au "sessionStorage" (ile inayofutika kichupo kikifungwa), kwa sababu tungepitisha hifadhi yenyewe, kosa lingetokea kabla hatujaingia ndani ya try, na kinga yetu isingekuwa na kazi.

Jibu likiwa false, wekeni rasimu kwenye Map ya kawaida, yaani orodha ya JavaScript inayokaa kwenye kumbukumbu ya ukurasa tu: itapotea ukurasa ukifungwa, lakini oda itatumwa. Fahamuni pia kwamba false huweza kumaanisha hifadhi imejaa, kwani vivinjari vingi huipa kila tovuti takriban MB 5 tu, hapo kosa.name huwa QuotaExceededError, na data ya zamani bado husomeka. Kwa kuwa hifadhi inaweza kujaa hata baada ya kupimwa, kila setItem ya baadaye nayo iwe ndani ya try.

Sasa ingieni kwenye mipangilio ya Chrome, zuieni tovuti zisihifadhi data kwenye kifaa, pakieni ukurasa upya, jazeni fomu yote hadi idadi ya doti za kitenge, kisha bonyezeni "Tuma". Oda ikifika kwenye seva, msimbo wenu uko tayari kupelekwa dukani.