Tenga Lililofumuliwa: Kifua cha Mvulana wa Turkana
(Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi, Kisumu)

Hamjambo nyote. Stima ikipotea tutaendelea tu. Nimekuja na tenga, na tenga halihitaji umeme.

Nimelinunua leo asubuhi pale Dunga, la kubebea samaki. Sasa tulifumue, fito tuzilaze mkekani moja moja. Nani ataniambia lilikuwa likibeba samaki wangapi? Urefu wa kila ufito unaujua, mpindo wake unauona, lakini ile nafasi ya katikati imekwenda.

Wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, walikwama hapo hapo. Mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho la mwewe, aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walipochimba wakapata mifupa ya karibu mwili mzima wa mvulana wa Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale, aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Miguu mirefu, tena mrefu kwa umri wake. Basi akachorwa mwembamba, mkimbiaji. Hata mimi nimefundisha hivyo darasani miaka mingi, msinicheke.

Mbavu zilikuwepo, ila nani angezisuka upya?

Kompyuta. Mfupa hupitishwa kwenye skana, mfano wa ile ya hospitali, inayoupiga picha tabaka kwa tabaka kama mkate uliokatwa slesi. Programu huziunganisha slesi hizo ukapata mfupa wa pande tatu. Kisha unatandaza nukta nyingi juu ya kila ubavu, na kila nukta inajua mahali pake: juu au chini, kushoto au kulia, mbele au nyuma. Ubavu uliovunjika wa kulia hukamilishwa kwa kugeuza wa kushoto, kama kwenye kioo. Ukikosea unafuta. Kisukuku chenyewe kimetulia Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, hakina habari.

Mwaka wa 2020 mtafiti Markus Bastir na wenzake walichapisha walichokipata kwa mvulana huyo: kifua kifupi kuliko chetu, kipana, chenye kina kirefu kutoka mgongoni hadi kidarini, kikikaribia cha Neanderthal, binadamu wengine wa kale wenye miili minene. Walipokadiria angekuwaje akikomaa, wembamba haukuonekana pia. Kwa hivyo kifua hiki chetu kirefu na bapa ni cha juzi juzi. Mkimwazia kijana wa Iten, mji wa wakimbiaji, miguu mmepatia, kifua, la.

Mwaka wa 1948 mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, hapo Rusinga, ziwani kwetu. Ilibidi lipandishwe ndege hadi Uingereza wataalamu walione. Siku hizi hutumwa faili.

Ubavu huu mweupe ni wa plastiki, umetoka kwenye printa. Upitisheni, tukianza na watoto hapa mbele. Ukianguka, usihofu, faili ninayo kwenye simu.