Kutoka Wicres hadi New Paltz: Kuufuatilia Ukoo wa DuBois katika Nyaraka za Kikoloni za Amerika

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana,

Mada niliyopewa jioni hii ni namna ya kuufuatilia ukoo wenye asili ya Kifaransa katika nyaraka za makoloni ya Amerika. Ni mada pana, na kwa kuwa elimu ya nasaba haifundishiki vizuri kwa ujumla, nimeona nichukue ukoo mmoja tu na kuupekua mbele yenu: ukoo wa DuBois wa New Paltz, katika bonde la mto Hudson, New York. Jina hilo si geni kwetu. W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi aliyekuwa pamoja na Jomo Kenyatta katika Kongamano la Waafrika mjini Manchester mwaka 1945, na aliyefariki Accra tarehe 27 Agosti 1963, alilibeba jina hilo kutoka kwa walowezi ninaowazungumzia, na nitarejea kwake kabla ya kumaliza.

Kwanza niondoe dhana moja inayowapoteza watafiti wengi. Mtu akisikia kwamba familia fulani ya Marekani ni ya Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Kifaransa, huwaza mara moja mwaka 1685, Mfalme Louis wa 14 alipoifuta Amri ya Nantes ya mwaka 1598, iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, na makumi kwa makumi ya maelfu ya Waprotestanti wakaikimbia nchi. Basi mtafiti huyo hukimbilia kutafuta meli ya mwaka 1686 au 1687, na asipoipata hubuni. Louis DuBois, mwanzilishi wa ukoo wetu, alikuwa ameshafika Amerika zaidi ya miaka 20 kabla ya amri hiyo kufutwa. Isitoshe, kijiji chake cha Wicres, karibu na La Bassée na Lille, wakati anazaliwa hakikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa hata kidogo. Kilikuwa sehemu ya Uholanzi wa Kihispania, na Lille ilitekwa na Wafaransa mwaka 1667 tu. Louis alisema Kifaransa, alisali kwa Kifaransa, lakini alizaliwa raia wa mfalme wa Hispania, na majirani zake Waholanzi walimwita Mwaloni, yaani msema Kifaransa wa sehemu zile za kusini. Anayemtafuta kama mkimbizi wa 1685 hatampata kamwe.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii lazima ianzie Amerika na kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua isimame juu ya waraka wake. Jina peke yake halithibitishi lolote, kwa kuwa akina DuBois walikuwa wengi katika Flanders na Ufaransa nzima. Kinachothibitisha ni watu wanaomzunguka mtu: mkewe, mkwewe, shemeji zake, mashahidi wa ubatizo wa watoto wake. Watu hao wakionekana pamoja katika daftari la mji mmoja, kisha wakaonekana pamoja tena katika daftari la mji mwingine ng'ambo ya bahari, hapo tunaweza kusema tumempata mtu yuleyule.

Tuanzie mwishoni. Louis alifariki mwaka 1696, na wosia wake unawagawia watoto mali. Wosia ni waraka wenye nguvu kwa sababu mwenye mali alikuwa na haja ya kuwataja warithi bila utata, na wale waliojiona wamepunjwa walikuwa na haja ya kuupinga. Nyuma ya wosia huo iko hati ya ardhi. Tarehe 26 Mei 1677 Louis na wenzake walinunua kutoka kwa Waesopus, wenyeji wa bonde lile, eneo lililofikia karibu ekari 40,000, kwa malipo ya vyungu, shoka, mashati, mablanketi, visu, risasi, baruti na farasi. Na Septemba mwaka huohuo gavana Edmund Andros akawapa hati ya serikali ya Kiingereza. Waliotajwa katika hati ni wanaume 12, na majina yao ni ramani tosha ya jamii nzima: Louis DuBois na wanawe Abraham na Isaac, Christian na Pierre Deyo, Abraham na Jean Hasbrouck, Andre na Simon LeFevre, Louis Bevier, Antoine Crispell na Hugo Freer. Walikuwa wamefungamana kwa damu na kwa ndoa, na mtafiti anayemfuatilia mmoja wao hana budi kuwafuatilia wote.

Mji wao waliuita New Paltz, kwa kumbukumbu ya Pfalz, nchi ya Kijerumani iliyokuwa imewapa hifadhi. Jina la mji ni ushahidi kwamba kituo chao cha mwisho kabla ya Amerika tukitafute Ujerumani. Mwaka 1683 mchungaji Pierre Daillé aliwaanzishia kanisa. Louis akachaguliwa mzee wa kanisa na Hugo Freer shemasi. Daftari la kanisa hilo lilianza kwa Kifaransa, likaendelea kwa Kiholanzi, na mwishowe likawa la Kiingereza. Mtu anayesoma lugha moja tu katika hizo ataukata ukoo huu vipande vipande, akidhani kila kipande ni familia nyingine.

Kabla ya 1683 inatupasa kwenda Kingston, mji wa bonde lilelile la Hudson ulioitwa Wiltwyck chini ya Waholanzi waliolitawala koloni kabla ya Waingereza, na hapa nawaomba mnivumilie nikae kidogo, maana daftari la Kanisa la Kiholanzi la Kingston, linaloanza mwaka 1660, ni hazina. Waingereza walipoandika ubatizo, mara nyingi waliandika jina la baba na jina la kwanza la mama tu, na ukoo wa mama ukapotea hapohapo. Karani Mholanzi alimwandika mwanamke aliyeolewa kwa jina la ukoo wa baba yake, kisha akaorodhesha mashahidi, ambao kwa kawaida walikuwa babu, bibi, wajomba na mashangazi. Katika ndoa aliongeza mahali alipozaliwa kila mmoja na mahali alipoishi, na kama alikuwa bado hajawahi kuoa au kuolewa. Kwa hiyo Oktoba 1661 tunamkuta Louis akimbatiza mwanawe Jacob, na mkewe ameandikwa Catherine Blanchan, si Catherine DuBois. Binti yao Sarah alibatizwa Septemba 1664, mwezi uleule ambao New Amsterdam, yaani mji wa New York wa leo, ilijisalimisha kwa Waingereza. Serikali ilibadilika, lakini kalamu ya karani iliendelea kuandika Kiholanzi kama kawaida. Mwaka 1682 Sarah akaolewa na Joost Jansen van Meteren, na tangu hapo sehemu ya damu ya DuBois inapita ndani ya jina la Kiholanzi kabisa.

Karani huyo aliandika majina kwa kadiri sikio lake la Kiholanzi lilivyoyasikia. DuBois inageuka du Bosch au tahajia nyingine kadhaa. Blanchan na Crispell vilevile. Msitafute tahajia iliyo sahihi, kwa kuwa haikuwepo. Andikeni kila tahajia mnayoikuta, pamoja na tarehe yake na ukurasa wake. Kuhusu tarehe, mkumbuke tu kwamba Waholanzi wa koloni lile walitumia kalenda mpya ya Gregori, na Waingereza waliowafuatia walitumia ile ya zamani ya Juliasi hadi 1752, wakiuanza mwaka wao tarehe 25 Machi. Mtoto wa Februari anaweza kuonekana amezaliwa mwaka mzima kabla ya wakati wake.

Waraka ninaouona mzito kuliko yote ni wa mwaka 1663. Tarehe 7 Juni Waesopus, ambao ardhi yao ilikuwa ikimegwa na ndugu zao kupelekwa utumwani katika kisiwa cha Curaçao, Karibi, katika vita vilivyotangulia, waliishambulia Wiltwyck na kijiji kipya cha jirani ambacho baadaye kiliitwa Hurley. Baada ya shambulio iliandaliwa orodha ya waliouawa na waliochukuliwa mateka, na katika orodha ya kijiji kipya tunasoma: mke wa Louis du Bosch na watoto 3, watoto 2 wa Mathieu Blanchan, mke wa Antoine Crispell na mtoto 1. Orodha ya maafa, iliyoandikwa kwa haraka na watu wenye majonzi, imetuwekea familia tatu mahali pamoja, baba mkwe na wakwe zake wawili. Kapteni Martin Kregier, aliyetumwa na askari, aliandika shajara ya siku kwa siku, na tarehe 5 Septemba anaeleza jinsi mateka 23 walivyookolewa. Humohumo anasimulia kisa cha Louis Mwaloni, aliyekwenda kuwatafuta maksai wake akavamiwa na wenyeji watatu. Mshale ukamjeruhi kidogo, naye akajitetea kwa kipande cha mti wa boma alichokuwa nacho mkononi. Huo ndio mwanga wa karibu kabisa tulio nao juu ya mtu huyu.

Wajukuu walitaka zaidi. Ikazuka hadithi kwamba Catherine alikuwa karibu kuchomwa moto, akaimba Zaburi ya 137, na watekaji wakavutiwa na sauti yake hata waokoaji wakafika. Kregier, aliyekuwepo, hana neno juu ya jambo hilo. Vivyo hivyo vitabu vya nasaba vya karne ya 19 vilimpa Louis mababu makabaila wa Normandy, bila waraka wowote wa kuwaunganisha nao. Naona ni dhuluma kwa wahenga hawa kuwavisha joho lisilo lao, ilhali wakulima waliohama nchi tatu na kujenga upya kila mara wana heshima ya kutosha.

Hatua inayofuata ni bahari. Katika orodha ya abiria wa meli ya Vergulde Otter, iliyoondoka Uholanzi mwaka 1660, wamo Mathieu Blanchan, mkulima kutoka Artois, jimbo linalopakana na Flanders, pamoja na mkewe na watoto 3, na Antoine Crispell, naye mkulima kutoka Artois, na mkewe. Louis hayumo, na hatuna ruhusa ya kumpakia kwa nguvu ati kwa sababu mkwewe alikuwemo. Kiungo kinapatikana kwingine, Mannheim, mji wa Pfalz ambao mtawala wake Karl Ludwig aliwakaribisha wakimbizi ili aujenge upya baada ya Vita vya Miaka Thelathini. Katika daftari la kanisa la Kifaransa la mji huo, tarehe 10 Oktoba 1655, wanafunga ndoa Louis du Bois, mwana wa marehemu Chrétien du Bois wa Wicres karibu na La Bassée, na Catherine Blanchan, binti wa Mathieu Blanchan, mkazi wa Mannheim. Mke yuleyule, mkwe yuleyule, majina yaleyale tuliyoyakuta Kingston. Na sasa tunaye baba, na kijiji. Sentensi hiyo moja ya daftari inaziunganisha pande mbili za bahari, na ingekuwa bubu kwetu kama tusingemjua Catherine kwa jina la baba yake, ambalo karani Mholanzi alilihifadhi.

Nyaraka hizi zenyewe zimenusurika kwa shida. Maktaba ya jimbo mjini Albany iliteketea Machi 1911, na nyingi katika hati za Kiholanzi zilipona kwa sababu zilikuwa zimewekwa rafu za chini, chini ya hati za Kiingereza zilizoungua. Upande wa Ulaya, Mannheim ilibomolewa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1689, na eneo la La Bassée lilikuwa uwanja wa mapigano katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Sasa nirudi kwa W.E.B. Du Bois. Alizaliwa Great Barrington, Massachusetts, mwaka 1868, na yeye mwenyewe aliufuatilia ukoo wake hadi kwa Chrétien wa Wicres. Babu yake, Alexander, alizaliwa Bahamas mwaka 1803, mtoto wa James Du Bois, mzungu wa Poughkeepsie, ng'ambo ya Hudson kutoka New Paltz, na wa mwanamke Mwafrika wa visiwa vile. James alimleta Alexander Marekani na kumpeleka shule. Alipofariki ghafla, ndugu zake wazungu walimtoa kijana shuleni wakamweka kwa fundi viatu, wala hakurithi kitu. Damu ni ileile, lakini wosia na hati za ardhi, nyaraka ambazo nimezisifu mbele yenu, hazimtambui.

Wala si yeye peke yake. Louis DuBois alinunua Waafrika wawili katika mnada wa Kingston mwaka 1674, miaka mitatu kabla ya kununua ardhi ya New Paltz, na warithi wa wale wanaume 12 waliendelea kuwamiliki watu kwa vizazi. Anayewatafuta wahenga hao lazima abadilishe njia: asitafute jina la ukoo, kwa sababu hawakuandikiwa, bali atafute jina la mmiliki, kisha apekue wosia, orodha za mali za marehemu na hati za mauzo, ambamo mtu hutajwa kwa jina moja pamoja na bei yake. Kwa waliozaliwa baada ya tarehe 4 Julai 1799 kuna msaada zaidi. Sheria ya New York iliwataka wamiliki wawaandikishe kwa karani wa mji watoto waliozaliwa na mama watumwa, na New Paltz ilikuwa na daftari lake. Sojourner Truth, mtumwa wa zamani aliyekuja kuwa mpiganiaji mashuhuri wa kukomesha utumwa, aliyezaliwa Ulster, wilaya ya New Paltz, miaka michache tu kabla ya hapo na ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, hayumo katika kundi hilo. Yeye tunamfuata kwa mauzo yake, kutoka mmiliki hadi mmiliki, hadi kwa John Dumont aliyemnunua mwaka 1810. Utumwa ulikomeshwa jimboni tarehe 4 Julai 1827.

Nashukuru kwa usikivu wenu, na sasa nayapokea maswali.