Karatasi Iliyokosa Mpokeaji

Mhadhara kwa maofisa wa kaunti, walimu na vijana, Tana Delta

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Wazee wetu, maofisa, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti.

Nimekuja na karatasi. Ni ukurasa wa daftari la hesabu, umekunjwa mara nne. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliuandika lilipotoka tangazo la kukusanya maoni ya bajeti. Aliomba kivuko salama, kwa sababu yeye na wenzake huvuka Mto Tana kwa mtumbwi kuja shule, na mto ukifura hukaa nyumbani hata wiki tatu. Ameandika wako wangapi, wanatoka vijiji gani, na mwenye mtumbwi hulipwa kiasi gani. Akaipeleka ofisini kwa mkono wake. Akaambiwa maoni hupokelewa kwa baruapepe tu. Simu ya kwao ni moja, kabambe ya mama, ya kupiga na kupokea. Alipopata nauli ya kwenda saiba mjini, siku ya mwisho ilikuwa imepita jana yake.

Katika safari yote hiyo hakuna aliyemkataza kusema. Hakuna aliyemfokea. Na bado hakusikilizwa.

Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, na Kenya ikauridhia Julai 1990. Ibara ya 12 inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni ana haki ya kuyatoa katika kila jambo linalomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Neno hilo, uzito, wengi huliruka. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 55, inaidai serikali iwape vijana nafasi ya kushiriki katika siasa, jamii na uchumi. Hakuna palipoandikwa: mradi awe na bando.

Mtaniuliza, mbona Juni 2024 vijana walisikika kwa simu za intaneti? Walisikika, na nawaheshimu. Waliuchambua Mswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya kodi ya mwaka ule, kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, hadi tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya wakati ule, na kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu. Sasa angalieni: mswada huohuo, ulivyoletwa mwanzoni, ulipendekeza ushuru wa huduma za simu na intaneti upandishwe kutoka asilimia 15 hadi 20. Kusema kwenyewe kungepanda bei. Na vijana wa vijiji vya huku, ambao mkate na vocha wananunua kama wengine, wengi waliyapata mambo hayo kwa kusimuliwa, yakiwa yamekwisha kuamuliwa.

Minara ijengwe, naitaka kama mnavyoitaka. Lakini mwaka 2020 tuliona baluni za Loon, mradi wa kampuni inayomiliki Google, zikipeleka intaneti sehemu za kati na magharibi mwa Kenya, na mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Mtoto wa kidato cha tatu hawezi kungoja mitambo ije na kuondoka.

Kwa hiyo ninachoomba kinaweza kuanza mwezi huu. Bajeti iletwe kwa muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, na isomwe redioni kwa Kipokomo na Kiorma. Naibu wa chifu awe na daftari la kupokea maoni, ya maandishi na ya mdomo, na kila anayetoa apewe nambari yake. Kisha ajibiwe. Hata jibu likiwa hapana, aambiwe kwa nini, maana kijana aliyeandika mara moja akanyamaziwa haandiki tena. Nimefundisha miaka ya kutosha kulijua hilo kwa majina na sura.

Mwenye karatasi hii ameniruhusu nije nayo. Naomba ofisa mmoja, yeyote, asogee hapa mbele aipokee na kuigonga muhuri wa leo.