Hedi ya Pampu Haianzii Chini ya Kisima

Ndugu wanakamati wa maji na mafundi, asanteni kwa kunikaribisha. Kabla hamjaenda dukani nataka tuelewane jambo moja, maana linavigharimu vijiji fedha nyingi: kina cha kisima si hedi ya pampu, yaani kimo chote ambacho pampu inayapandisha maji, pamoja na msuguano wa bomba.

Chukueni kisima cha mita 90, pampu imening'inizwa mita 75. Muuzaji anauliza urefu wa kisima, mnamtajia 90, anajumlisha na kimo cha mlima lilipo tenki, anawauzia mota kubwa na paneli za jua za kuilisha. Lakini maji yenyewe yamesimama mita 28 tu kutoka mdomoni. Ndani ya bomba lililozama yamepanda hadi usawa huohuo, yakisukumwa na maji yaliyolizunguka, pampu ikiwa bado imezimwa. Ukiiteremsha kutoka mita 60 hadi 75, unachoongeza ni msuguano kidogo wa bomba lililorefuka, basi.

Hata hivyo, msiandike 28. Washeni pampu, teremsheni utepe ule unaolia ncha ikigusa maji, mkasome kila baada ya dakika chache. Mtapata 33, 39, 44, kisha 46, 46, 46. Hapo maji yanayoingia kisimani yamelingana na yanayotoka, na hedi inaanzia hapo. Kipimo hiki kifanyeni mwisho wa kiangazi. Cha Mei, ardhi ikiwa imeshiba mvua, kitawadanganya.

Sasa mlima. Simu inaweza kukosea kimo kwa mita 10 na zaidi, kwa hiyo hapa isitumike. Mpira mwangavu wa maji wa fundi mwashi ni mkweli kuliko simu: pandeni nao hatua kwa hatua mkijumlisha kimo cha kila hatua. Kama bomba limeshalazwa, lijazeni maji hadi juu, zimeni pampu, msome geji ya presha pale kisimani. Kila bar 1 ni mita 10.2 za maji. Ikisoma bar 2, mdomo wa bomba tenkini uko juu ya geji kwa mita 20 na kidogo. Naipenda sana njia hii, kwa sababu bomba lipinde litakavyo, maji yaliyotulia yanahesabu kimo tu.

Yakianza kwenda, bomba linadai fungu lake la hedi kwa msuguano. Kwa mita za ujazo 3 kwa saa, bomba la plastiki lenye uwazi wa milimita 32 linakula mita 4 hivi katika kila mita 100. La milimita 40 linakula mita 1 na nusu. Tuna bomba la mita 75 kisimani na 200 mlimani, basi la 40 litakula mita 4, la 32 kama 11. Kwa la 40 jumla ni 46, 20 na 4, yaani 70. Ongezeni mita 2 za kona na vali.

Mwisho ni kibati cha pampu. Kimeandikwa mita 100, tena lita nyingi kwa saa, na wengi hudhani vyote viwili vinapatikana pamoja. Kwenye hedi ya juu kabisa, pampu inazunguka na maji hayatoki. Muulizeni muuzaji: kwenye mita 72 inatoa kiasi gani? Akikosa mchoro wa kuwaonyesha jibu, nendeni duka jingine.