"Ananiuliza Nani?": Sensa na Majina Yetu Zanzibar

Assalamu alaikum wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu wa chuo mliokaa kule nyuma. Sogeeni mbele, viti vipo.

Historia ya dola yetu sitairudia. Kuja kwa Seyyid Said, karafuu, himaya ya Waingereza ya 1890, uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari, Muungano wa Aprili: yote hayo mmeyasoma tangu skuli. Nimekuja kusema juu ya hesabu ya watu, kwa sababu kila ukizuka ubishi wa nani mwenyeji na nani mgeni katika visiwa hivi, hakosekani mtu wa kuchomoa karatasi ya sensa ya zamani akaipiga juu ya meza kama hukumu ya kadhi. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalisema tena: kabla hujalisoma jibu, lisome swali, na mtazame aliyeliuliza.

Chukueni sensa mbili za wakati wa Mwingereza. Ile ya 1924 iliandika Waswahili zaidi ya 33,000. Walikuwa wengi kuliko Wahadimu, wenyeji wa kusini mwa Unguja, kuliko Watumbatu wa kaskazini, kuliko Wapemba. Ikaja sensa ya 1931, miaka saba tu baadaye, na Waswahili waliobaki kwenye daftari ni 2,000 na kidogo. Jamani, watu 30,000 wamekwenda wapi? Hapakuwa na tauni iliyobisha hodi kwa Mswahili ikampita jirani yake. Hapakuwa na majahazi ya kuwapakia wote hao usiku mmoja.

Sasa tazameni safu za pembeni. Wahadimu wamepanda kutoka 16,000 na ushei hadi zaidi ya 27,000. Watumbatu wametoka 21,000 hadi 27,000. Waarabu walikuwa karibu 19,000, wamekuwa zaidi ya 33,000. Jumlisheni wenyewe: makundi hayo matatu peke yake yameongezeka kwa zaidi ya watu 30,000, na visiwa vyote viwili kwa muda huohuo havikuongezeka hata watu 20,000. Ni walewale. Wamelala Mswahili, wameamka Mhadimu, na nyumba ni ileile, mnazi ni uleule, msikiti ni uleule.

Kwa nini? Utumwa uliondolewa nguvu ya sheria hapa 1897. Wengi walioachwa huru, na watoto wao, walijiita Waswahili. Lilikuwa jina la heshima kwao: mtu huru, Muislamu, mtu wa hapa, mwenye kanzu yake na hatima yake. Lakini kadiri wengi wao walivyolishika, ndivyo jina lenyewe lilivyogeuka. Kufika miaka ya ishirini kumwita mtu Mswahili ilikuwa karibu sawa na kumwambia babu yako alinunuliwa. Nani atakaa ndani ya jina la namna hiyo ikiwa mlango uko wazi? Aliyeoa Makunduchi, akapewa kiwanja cha kulima na wakwe zake, akazika wazazi wake huko, karani alipomjia alisema yeye Mhadimu, na wenyeji wake hawakumkanusha.

Hapa kila mara huinuka mtu akasema: "Basi mwalimu, wewe unakiri kwamba walidanganya." La, sikiri. Nimechoka na neno hilo. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, nilimuuliza nikiwa kijana wa skuli, daftari mkononi: Bibi, wewe kabila gani? Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso. Akanijibu: "Ananiuliza nani?" Nikamwambia nakuuliza mimi. Akasema, "Wewe mjukuu wangu, wajua. Akiniuliza mwenye duka nina jibu lake. Akiniuliza wa serikali nina jibu lake." Nilidhani ananikwepa. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba amenijibu kwa ukamilifu kuliko mwalimu yeyote niliyempata baada yake. Alikuwa na asili tatu za kweli, na hakuwahi kuitaja hata moja ambayo si yake.

Na msidhani kuwa ni fahari tupu. Serikali ile ilimtendea mtu kwa jina aliloandikiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipoadimika, mgao ulifuata kabila: aliyeandikwa Muarabu au Mhindi hakupata sawa na aliyeandikwa Mwafrika. Ukishamwekea mtu sahani ya mtoto wake juu ya jina, usimlaumu kwa kulichagua jina kwa makini.

Mwingine atasema Waingereza walihesabu ovyo. Huenda makarani waliruka nyumba, sikatai. Kufika kila konde Pemba kwa miguu si kazi nyepesi. Lakini kuhesabu ovyo hupoteza watu wa kila aina. Hakupotezi maelfu wa jina moja kisha kukawaleta chini ya majina matatu mengine.

Ndiyo maana nakasirika, na sitaki kuficha, nikiona kijana mwaka huu anaitumia sensa ya 1931 au ya 1948 kumwambia mwenzake "nyinyi mlikuwa wachache hapa." Uchache wa nani, wakati ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuandikwa safu mbili?

Naona mwenyekiti ananionesha dakika. Nilitaka kusema kwa urefu juu ya jina la Mshirazi, yaani mwenye kujinasibisha na Uajemi, na siasa za miaka ya hamsini, nitaliacha. Ila uchaguzi wa Julai 1963 siwezi kuupita. Chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Viti 18 vikaenda kwa muungano wa vyama viwili pinzani wake, ZNP na ZPPP. Wengi hueleza Mapinduzi ya Januari 1964 wakaanzia usiku wa silaha. Anzieni kwenye namba hizo mbili, halafu ndiyo mfike kwenye usiku.

Mtasema, hayo ya kabila yamekwisha, sensa zetu za sasa haziulizi kabila wala dini. Kweli, na mimi naona ni uamuzi mwema. Lakini siku hizi namba zinatuambia jambo jengine, na hatulisikilizi. Mwaka 1967 Zanzibar ilikuwa na watu 354,815, na Pemba peke yake 164,321, yaani asilimia 46. Mwaka 2022 tulikuwa 1,889,773, na Pemba 543,441: asilimia 29. Pemba haikupungua watu. Unguja imevuta. Na miongoni mwa waliovutwa ni watoto wa Pemba walioshuka bandarini Malindi na begi moja, leo wana wajukuu Mjini Magharibi, mkoa wenye watu 893,169 kati yetu. Kwa kasi ya asilimia 3.7 kwa mwaka tunakuwa maradufu kabla ya miaka 20, katika ardhi ya kilomita za mraba 2,460 ambayo haiongezeki hata shubiri.

Maji, makaburi, mashamba ya mikarafuu yanayokatwa viwanja: nilikuwa na karatasi nne juu ya hayo, mtazisoma.

La mwisho ni Mkoa wa Kusini Unguja. 2012 walikuwa 115,588. 2022 ni 195,873. Hakuna mkoa wetu mwengine uliokua hivyo, na kila mtu ana jibu lake tayari: hoteli, watu wa bara, wageni. Sensa iliuliza mtu amezaliwa wapi. Swali hilo lipo na majibu yake yapo. Yasomeni kijiji kwa kijiji kabla hamjamwita mtu mgeni, maana huko Kusini, vijiji vya Paje na Jambiani, maneno yameshaanza, na nimeyasikia kwa masikio yangu, yakisemwa na watu ambao babu zao walikuwa Waswahili mwaka 1924 na Wahadimu mwaka 1931.

Karatasi ziko pale mlangoni. Aliyetoka Kusini aanze kuuliza.